Bendi ilikufa saa nne kasoro asubuhi: kisa cha antena yangu Tudor, 10 Mei 2024

Ntakieleza hiki kisa kwa urefu, manake swali lake naulizwa kila mara na wenzangu wa redio za ridhaa hapa Mombasa, sisi tunaoongea redioni kwa mapenzi tu, hasa wale waliopata leseni juzi juzi: bendi, yaani lile fungu la masafa tunaloongelea, imekufa ghafla, ni antena yangu au ni jua? Mimi nshawahi kulijibu vibaya hili swali, na ubaya wenyewe ni kwamba nlilijibu vibaya nikiwa na ushahidi mkononi, halafu nkapata matokeo yaliyonionyesha kama nko sawa. Hapo ndipo penye funzo zito, kwa hivyo ntakwenda dakika kwa dakika.

Ilikuwa Ijumaa, na wakaazi wa Kenya mtakumbuka ile Ijumaa ilikuwa sikukuu, serikali ilitangaza tupande miti na tuwakumbuke waliokufa kwenye mafuriko ya ile masika. Kwa hivyo nlikuwa nyumbani, Tudor, chumba cha juu, redio ya wati 100 na dipoli, antena ya waya, ya mita 20 iliyofungwa juu ya paa la slabu, ncha moja kwenye mlingoti wa bomba na ncha nyengine kwenye tangi la maji. Nlikuwa naongea kwenye 14 MHz, ndiyo hiyo hiyo bendi ya mita 20, na jamaa mmoja wa Kerala, kule India, kilomita elfu nne na kidogo kutoka hapa. Ananieleza joto lao, mvua zao za Juni bado, na mimi namwambia huku kwetu kusi ishaingia na paa linateleza. Alikuwa ananifikia S9, yaani kwa nguvu nzuri kwenye mita ya redio, bila shida yoyote.

Halafu sauti yake ikaanza kuzama. Si ile ya kupanda na kushuka tuliyoizoea, hapana, ilizama tu moja kwa moja kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Kwenye daftari langu mara ya mwisho kumsikia neno zima nliandika 06:46, na hizo ni saa za UTC, kwa saa zetu za Kiswahili ni tatu na dakika arubaini na sita asubuhi. Ilipofika 06:54, yaani saa nne kasoro dakika sita, hakuna kitu. Nkazungusha bendi nzima kutoka chini mpaka juu, si yeye peke yake, hakuna mtu. Si Muhindi, si Mwarabu wa Oman, si Mrusi. Sindano ya S iliyokuwa inacheza kwenye 4 hata pasipo mtu anayeongea, ikalala kwenye 1.

Kitu kimoja tu ndicho kilichosikika, na hiki nataka ukishike. Pampu ya maji ya nyumba ya chini iliwaka, na mngurumo wake ukaja kwenye spika safi kabisa, grrrr kavu, safi kuliko siku zote. Nkaudhika nayo kama kawaida, wala sikujiuliza kwa nini naisikia.

Nkaangalia mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, ikanambia 1.4, ambayo ni nzuri, ile ile ya jana na juzi. Nkabonyeza nkajaribu, "moja mbili tatu, moja mbili tatu, mtu yeyote ananipata?" mara tatu nne hivi. Kimya. Hapo nkaamua: ni konekta ya juu, ile inayounganisha kebo na antena. Mtu wa pwani ukiambiwa kitu kimeharibika, cha kwanza unafikiria chumvi, manake chumvi hapa inakula kila kitu, inakula mabati, inakula bawaba za milango, na kule juu kuna konekta ya PL-259 iliyokaa miaka mitatu inapigwa na upepo wa bahari. Nkamwita mpwa wangu aje ashike ngazi, simu nkaiacha chini inachaji, tukapanda.

Tukashusha dipoli. Nkafungua utepe niliokuwa nimezungushia konekta na ndani nkakuta kutu ya kijani, ile ya shaba iliyonywa maji ya chumvi, imetambaa mpaka kwenye nyuzi za ndani za kebo. Walahi nlifurahi. Nkamwonyesha mpwa wangu nkamwambia tazama, huyu hapa mwizi wetu! Tukakata kebo sentimita thelathini hivi mpaka tukafika penye shaba inayong'aa, halafu adhana ikatukuta, tukaenda swala ya Ijumaa, tukarudi tukala, nkalehemu konekta mpya, tukazungushia utepe, tukapandisha dipoli. Saa nane na robo mchana nkawasha redio. Oman huyo, India huyo, bendi imejaa. Nkaandika kwenye daftari kwa wino: konekta imeoza, imebadilishwa, imepona.

Sasa simama hapo. Mtu yeyote angesoma lile daftari angesema kisa kimekwisha. Kulikuwa na ugonjwa, pakapatikana sababu inayoonekana kwa macho, ikaondolewa, mgonjwa akapona. Na kila neno la ile sentensi ni kweli isipokuwa uhusiano wake. Konekta kweli ilikuwa imeoza, kweli ilistahili kubadilishwa, lakini siyo iliyoua bendi saa nne kasoro, na wala siyo kubadilishwa kwake kulikoirudisha.

Jioni ndio nkaichukua simu nkakuta nshapigiwa mara mbili na ami yangu mmoja wa Nyali. Si ami wa damu, ndivyo tunavyomwita sote, mtu mzima ameshika redio tangu zile za valvu. Nkampigia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Asubuhi ulikuwa wapi, nakupigia hushiki?"

"Nlikuwa juu ya paa ami, antena ilikuwa imekufa."

"Imekufa vipi na mimi nakusikia? Umesema moja mbili tatu mara nne, S9 kamili, nakujibu hunijibu, nkajua ushazima."

Nkanyamaza. Akaendelea, na yeye bendi yake ilikufa dakika ile ile, saa nne kasoro, na alipotoka nje kutazama jua akajisemea hili ndilo. Kufikia saa tano asubuhi kwake kila kitu kilikuwa kinarudi. Saa tano mimi nlikuwa nimekaa kwenye tangi la maji nakata kebo.

Haya, tuje kwenye kilichotokea hasa. Zile siku juani kulikuwa na kundi la madoa lililopewa nambari 13664, kundi kubwa ajabu, upana wake kama Dunia kumi na tano zimepangwa sambamba, mtu aliyekuwa na miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua aliliona bila darubini. Lile kundi lilikuwa linatoa miako mfululizo tangu tarehe 8, na ile Ijumaa likatoa mwako wa daraja la X3.9, X ndiyo herufi ya miako mikubwa kabisa, uliofika kilele saa 06:54 za UTC. Tazama daftari langu tena. Dakika ile ile.

Mwako wa jua unatoa eksirei nyingi kwa mpigo, na eksirei zinakwenda kwa kasi ya mwangaza, kwa hivyo zinafika hapa kwa dakika nane na kidogo, hakuna onyo la kukutangulia. Zikifika zinagonga hewa kwenye kimo cha kilomita 60 mpaka 90 hivi, tabaka tunaloliita D, na kuzitoa elektroni nyingi kuliko kawaida. Sisi wa masafa mafupi tunaishi kwa tabaka la juu zaidi, F2, kilomita 250 na kuendelea, lile ndilo linaloyarudisha mawimbi yetu chini yakafika India. Lakini ili yafike F2 ni lazima yapite D, mara ya kwenda na mara ya kurudi. Kawaida D inakula kidogo tu. Siku ya mwako D inakuwa kama sponji, elektroni zinatikiswa na wimbi halafu zinagongana na chembe za hewa, na nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto. Halirudi. Redio yako nzima, antena yako nzima, F2 nayo iko pale pale inangoja, ila njia ya kuifikia imezibwa.

Na huu ulaji hauko sawa kwa bendi zote, na hapa ndipo palipo na dawa. Ukizidisha masafa mara mbili, hasara inapungua mpaka kama robo. Kwa hivyo 7 MHz inaumia kama mara nne ya 14, na 28 inaumia kama robo ya 14. Bendi za chini zinakufa mwanzo na zinafufuka mwisho. Konekta mbovu haijui hiyo tabia, na hata ikiumiza bendi moja kuliko nyengine, hairudi yenyewe kwa mpangilio baada ya saa moja.

Tena lile jua lilikuwa limekaa wapi? Saa 06:54 za UTC, mahali ambapo jua liko juu kabisa ya utosi palikuwa nchi kavu, magharibi ya India, kwenye jimbo la Maharashtra. Sasa chora mstari kutoka Tudor mpaka Kerala uone. Nusu ya pili ya safari ya mawimbi yangu ilikuwa inapita mahali ambapo jua liko karibu na utosi. Kama ungetafuta njia mbaya kuliko zote ya kuongelea dakika ile, ni ile niliyokuwa naongelea mimi. Na sisi watu wa karibu na ikweta tuna hilo la kuzaliwa nalo, jua letu liko juu mwaka mzima, kwa hivyo mwako ukitupata mchana unatupata vizuri kuliko mtu wa Norway saa ile ile.

(Ukisikia eksirei za angani usidhani ni mambo ya mbali na pwani yetu. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa hapa hapa, kutoka jukwaa la San Marco kule baharini upande wa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kwa vile ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri ikapewa jina la Uhuru. Kila nikipita ile njia napenda kulikumbuka hili, na vijana wengi wa Malindi wenyewe hawalijui.)

Turudi kwenye ushahidi, manake ulikuwa mbele yangu wote.

Ile pampu. Kelele inayoingia kwenye redio iko ya namna mbili, kuna ya mbali inayosafiri kwa anga, radi za Kongo na kadhalika, na kuna ya jirani, pampu, chaja, taa za LED, nyaya za stima zenye vikombe vilivyoganda chumvi. Mwako ulipozima anga, kelele ya mbali ikazimika nayo, ndio maana sindano ikalala na ndio maana pampu ikasikika safi, haikuwa na kitu cha kushindana nacho. Lakini pampu ilikuwa inaingilia wapi? Kwenye antena! Antena iliyokufa ingekuwa imekufa kwa pampu pia. Yaani ule mngurumo uliokuwa unaniudhi ulikuwa unanambia antena yako nzima, kaa chini.

SWR nayo. Hii uiseme kwa uangalifu, manake SWR nzuri peke yake haitoshi, kebo iliyoingia maji inakula nguvu yenyewe na inaweza hata kuonyesha SWR nzuri kuliko ilivyokuwa. Kwa hivyo sikusema 1.4 ni uthibitisho. Ninachosema ni kwamba kuoza kwa konekta ni jambo la miezi. Kitu kinachoishusha bendi nzima kutoka S9 mpaka sifuri kwa dakika nane, kama kingekuwa kwenye konekta, ingebidi kitu kikatike au kigusane, na kingekatika au kugusana SWR isingebaki 1.4 ile ile. Ingeruka.

Na kubwa kuliko yote ni ami. Kutoka Tudor mpaka Nyali ni kilomita chache tu, mkono wa bahari katikati, na maji ya chumvi yanabeba wimbi la ardhini vizuri sana. Wimbi hilo halipandi juu, halina habari na D wala F2. Ami kunipata S9 kwa antena ile ile, dakika ile ile, ndio hukumu. Ningekuwa na simu mfukoni kisa kingekwisha kwa dakika mbili. Au hata bila simu, ningengoja na kusikiliza badala ya kuzima redio ile sekunde nliyomaliza moja mbili tatu, ningemsikia akinijibu.

Basi usiku wa siku ile ile mambo yakageuka mengine, na naomba usiyachanganye na yale ya asubuhi, manake watu wengi wanayafunga kwenye kifurushi kimoja. Asubuhi ilikuwa mwanga. Usiku yalifika mawingu yenyewe, gesi yenye sumaku iliyotupwa na lile kundi la madoa siku mbili kabla, na hii inasafiri polepole ukilinganisha na mwanga, ndio maana Wamarekani wa NOAA, idara yao ya bahari na anga, waliweza kuonya kuanzia tarehe 9. Yalitua kwenye saa mbili usiku wetu, na kabla alfajiri dhoruba ya sumaku ikafika daraja la G5, la juu kabisa kwenye kipimo chao, haikufika hapo tangu Oktoba 2003. Wenzetu wa Ulaya wakapiga picha za mbingu nyekundu. Sisi hapa tulipata nini? Jumamosi nkawasha, Ulaya hakuna kwenye 21 wala 28, hata 14 sauti chache dhaifu zinatetemeka, na hali ile ikaendelea siku nzima, si saa moja kama jana. Hiyo ndiyo tofauti unayoisikia kwa masikio: mwako unazima chini kwanza na unapita upesi, dhoruba inaharibu F2 yenyewe kwa hivyo inakata juu kwanza na inakaa.

Mkono ulishaanza kwenda kwenye ngazi, konekta mpya nayo labda sikuilehemu vizuri, unaona vile akili inavyofanya. Nkamwita ami kwanza. S9. Nkakaa.

Kuna mengine mawili ya wiki ile nayaweka hapa kwa sababu yanapimia lile wazo. Alfajiri ya Jumamosi, saa 01:23 za UTC, lile kundi lilitoa mwako wa X5.8, mkubwa kuliko wa Ijumaa, na Jumanne tarehe 14 likatoa X8.7 saa 16:51 za UTC. Wa kwanza kwetu ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tatu ya alfajiri, wa pili saa mbili kasoro usiku, magharibi ishapita zamani. Mombasa ilikuwa gizani mara zote mbili, na D usiku haipo, eksirei zilikuwa zinapiga upande wa pili wa dunia. Miako mikubwa zaidi, na hakuna aliyezimika hapa. Ukubwa wa nambari peke yake haukwambii kitu, uliza jua liko wapi.

La pili, Jumapili tarehe 12 intaneti ikaenda vibaya Afrika Mashariki nzima, na mtaani kwetu nkasikia watu wazima wanasema ni lile jua. Haikuwa jua. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nlijua uchungu wa kosa lile kwa sababu lilikuwa kosa langu limepinduliwa, mimi nlilaumu waya kwa kosa la jua, wao wanalaumu jua kwa kosa la waya.

Nlirudi kwenye daftari nkaufuta ule mstari? Hapana, nliuacha, nkaandika chini yake kwa wino mwengine: X3.9, 06:54, konekta ilikuwa mbovu lakini haikuhusika. Mwezi wa Julai nkaongeza waya mrefu na tyuna, kifaa cha kulinganisha antena na redio, ili niweze kusikiliza bendi nne, na kwenye meza nkabandika karatasi yenye masafa ya bikoni za kimataifa, 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, ile mitambo kumi na minane inayopokezana kila dakika tatu, na mmoja wao, 5Z4B, uko kwetu Kenya. Kila mmoja unatoa jina lake kwa Morse halafu mistari minne, wati 100, 10, 1 na sehemu ya kumi ya wati. Ukijua kawaida yako unasikia mistari mingapi, basi una kipimo cha anga bila kuongea na mtu.

Tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule, Alhamisi, nlikuwa nyumbani naingia zamu ya usiku. Siku zile jua linapita juu ya utosi wa Mombasa, kivuli cha mlingoti wangu adhuhuri kinaishia miguuni mwake. Saa tisa na robo alasiri bendi ya 14 ikazama kama ile Ijumaa, ndoo na kisima. Pampu haikuwaka safari hii lakini chaja ya jirani nliisikia inapiga kama nzi. Nkashika maiki.

"Ami, wanipata?"

"Nakupata mwanangu. Andika dakika."

Nkaandika 12:18. Ulikuwa X9.0. Tukakaa, yeye Nyali mimi Tudor, tunaulizana bendi gani imefufuka. 28 ikatangulia, Mturuki mmoja anaita bila kuchoka. Halafu 21. Halafu 14, India kwa mbali, mstari mmoja wa bikoni, halafu miwili. Kwenye 7 hakukuwa na mtu kwa muda mrefu, na ami akanambia usiondoke, hiyo ndiyo ya mwisho. Saa kumi na dakika ishirini yule jamaa wa Nairobi anayekaa pale kila alasiri akatokea chini kabisa ya kelele, jina lake nusu, halafu jina lake zima.

Mpwa wangu alikuwa mlangoni na ngazi begani. Nkamwambia airudishe.